Jina la Kumi Kwenye Kofia

Lois, bado nimekaa tu na simu mkononi. Niko Wusi kwa shangazi Risper. Nilikuwa namringishia kazi yangu ya kulinganisha programu za kutafuta faili. Akasema, "Hata mimi nilishalinganishwa."

Ni 1987, ofisi ya shamba la mkonge karibu na Voi. Yeye ndiye alikuwa anatunza kadi za wafanyakazi. Alizipanga kwa kijiji cha mtu, Wusi droo hii, Mghange ile, maana kwetu watu huuliza wa wapi kabla ya jina.

Meneja akaleta kompyuta. Akaokota majina kumi kutoka kwenye kofia, waone nani atampata mtu haraka, shangazi au kompyuta.

La kwanza, Mwandawiro. Kompyuta ikaleta thelathini na wanne. Shangazi akauliza tu, "Wa wapi?" Akatajiwa kijiji, akatoa kadi moja, ndiye huyo. Mpaka la tisa alikuwa anaongoza.

La kumi likawa Risper Mkamburi. Yeye mwenyewe.

Akafungua droo ya Wusi, hayumo. Miaka kumi na tisa ya kuandika wenzake na hakuwahi kujiandikia kadi. Hakuwahi, Lois.

Kompyuta ikampata papo hapo. Akasoma kabla meneja hajaziba kioo cha kompyuta: mwisho wa kazi, Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikamuuliza alisema nini. "Niliuliza funguo za droo nimwachie nani."

Halafu akanimiminia chai. "Na hiyo programu yako, umeshajitafuta humo?"