Adopt, Adapt na Mtungi wa Rubisi

Ntobeye, Ngara
3 Juni 2024

Mwanangu Keza,

Natumaini umeamka salama huko Nyakahura, wewe na wanafunzi wako. Mimi mzima, migomba mizima, na yule mbuzi mweusi naye mzima kwa bahati mbaya, maana jana amekula shati langu la kanisani.

Sasa kaa chini usikie. Baba yako amekimaliza Kiingereza. Chote. Wazungu wakija Ntobeye leo, wataniuliza mimi maana ya maneno yao wenyewe.

Haya, si kweli. Nimefika herufi A, na hata hiyo nimekwama katikati. Lakini kwa mtu aliyeacha shule darasa la nne, siku alipomzidi mwalimu urefu, A si haba.

Ni hivi. Mzee Wiston, mjomba wa mchumba wako Nshoma, alipita hapa akitoka Bugarama. Karani mstaafu, unamjua, kila sentensi lazima aipachike neno la Kizungu hata kama halikuitwa. Akaniambia mbele ya majirani, "Mzee, nasikia wewe ndiye uliyemu-adopt Keza." Nikatikisa kichwa kama mjusi. Alipoondoka nikachukua kamusi yako ya sekondari. Nikaikuta adopt. Kurasa chache kabla yake nikaikuta adapt. Zinafanana kama mapacha wa jirani yetu Bonifasia, na maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza hicho hicho! Kamusi gani hii inayomwelekeza kipofu njia kwa kumnyooshea kidole?

Niambie tofauti yake. Nataka kujua nilifanya lipi, kabla watu hawajanipongeza au kunishtaki.

Usipige simu kwa jirani. Simu inanisikia mimi, mimi siisikii. Andika.

Asante kwa blanketi. Nalala kama askofu. Angekuwa hai mama yako Restituta, tungeligombania.

Ni mimi baba yako,
Ildefonce


Nyakahura, Biharamulo
16 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na watoto wa darasa la tano wanakusalimu ingawa hawakujui. Pole kwa shati. Barua yako niliisomea ofisini, nikacheka mpaka mwalimu mkuu akauliza kama mshahara umepanda.

Sikiliza basi. Adopt ni kumchukua mtoto ambaye hukumzaa, ukamfanya wako. Adapt ni kubadilika wewe mwenyewe, kuzoea mahali au hali mpya mpaka ukaenea.

Mama aliyenizaa alipofariki kwa homa nyumbani kwenu, tukiwa ndiyo kwanza tumevuka mpaka kutoka Burundi, wewe na Mama Restituta mlisema mtoto huyu haendi popote. Hiyo ndiyo adopt. Mimi nikajifunza kuita mbuzi kwa Kihangaza, kula uji wenu usio na sukari, na kuelewa kwamba ukimtukana mtu ujue unampenda. Hiyo ndiyo adapt. La kwanza mlifanya ninyi, la pili nikalifanya mimi. Sijawahi kukushukuru kwa maandishi, Baba. Leo nakushukuru.

Kuna jambo jingine, na hili halinichekeshi. Nilipotambulishwa kanisani hapa kama mwalimu mgeni, walitaja jina la marehemu baba yangu. Mzee mmoja akasimama nyuma kabisa, akaanza kulia kwa sauti. Ni baba yangu mdogo, Hategekimana, mdogo wa marehemu. Walipoteana njiani wakati wa kukimbia. Alifikia huku, akapata uraia, sasa anafuga ng'ombe karibu na soko.

Amesikia habari ya posa. Anasema yeye ndiye damu ya baba yangu, kwa hiyo wakwe wapokelewe kwake hapa Nyakahura tarehe kumi Agosti, na yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti cha baba. Sikumjibu. Mimi nataka ukae wewe. Lakini amenitafuta miaka yote hii, na nikimtazama naiona pua yangu.

Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Keza


Ntobeye
21 Julai 2024

Mwanangu Keza,

U mzima? Mimi mzima. Mbuzi mzima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kalamu iliisha wino. Nilipopata kalamu nyingine, nikakosa la kuandika.

Kwanza nikusahihishe, mwalimu. Unasema wewe ndiye uliyezoea. Nani kakwambia? Ulipokuja ulikuwa ukilia kila mtu akikohoa. Kikohozi tu, ungedhani kaingia chui. Basi nikajifunza kukohoa nje, hata mvua ikinyesha. Tumbaku nikavutia kwenye migomba kama mwizi. Hukulala mpaka uimbiwe kile kiwimbo cha mama yako cha Kirundi. Restituta alikiimba vizuri. Mimi nilipokiimba mbwa wa jirani waliitikia. Kwa hiyo hiyo adapt yako nayo nusu ni yangu, usiichukue yote.

Na shukrani usizibebe peke yako. Sisi tulikuwa watu wawili tuliokuwa tumeshamaliza maneno ya kuambiana. Ukaja, tukapata la kugombania kila asubuhi. Asante.

Sasa habari ya kiti. Mtu aliyempoteza kaka yake njiani, akaja kumpata mtoto wa kaka yake kanisani, mimi nitamwambiaje asogee? Hategekimana akae. Mimi sitakuja, goti langu limekataa safari. Usilie, utaharibu macho ya kusahihishia madaftari.

Lakini binti haposwi kwenye nyumba kavu. Rubisi nitaikamua mwenyewe, kwa ndizi za lile shamba ulilokuwa ukipalilia huku unalalamika. Mtungi utafika siku hiyo asubuhi kwa lori la ndizi. Mirija nimeshakata.

Uwatangazie wageni kwamba pombe hiyo ni ya Ildefonce wa Ntobeye. Useme kwa sauti. Asije mtu akasema imepikwa na mke wa Hategekimana.

Ni mimi,
baba yako


Nyakahura
10 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika nimesimama, usitazame mwandiko. Huyu wa bodaboda anayekuletea karatasi hii anaitwa Clever. Panda pikipiki yake sasa hivi, kusoma utamalizia njiani.

Mtungi ulifika salama. Wageni wamefika, mzee Wiston amehutubia mpaka kuku wamelala. Baba mdogo amekaa kwenye kiti. Mtungi ukawekwa katikati, mirija ikachomekwa, nikasimama nikasema kwa sauti kama ulivyoniagiza: pombe hii ni ya Baba Ildefonce wa Ntobeye.

Mzee mmoja wa upande wa Nshoma akauliza, "Sawa, yuko wapi aionje?"

Hakuna aliyeinamia mrija.

Mila hii unaijua kuliko mimi, Baba. Mwenye pombe ndiye anayevuta mrija wa kwanza, wageni waone haina sumu. Asipovuta yeye, hakuna mdomo unaogusa. Na wakwe wakiondoka bila kunywa, posa haijapokelewa. Wazee wa Nshoma wameanza kutafuta fimbo zao.

Mtu akasema basi Hategekimana aonje kwa niaba yako, si ndiye baba? Alikataa. Alisema, "Kiti chake nimekikalia. Nikivuta na mrija wake nitakuwa mwizi." Akawaomba wakwe wamvumilie, akamwita Clever yeye mwenyewe, akamwambia, "Kamlete mwenye mtungi."

Wamekubali kusubiri. Wazee wanameza mate. Mzee Wiston Kiingereza kimemwishia.

Baba, ulijua? Hapana, usijibu. Njoo.

Binti yako,
Keza


Ntobeye
25 Agosti 2024

Mwanangu Keza, mke wa watu mtarajiwa,

Umeamkaje? Wanafunzi hawajambo? Mimi nimeamka upande mmoja, upande mwingine bado unauguza safari, lakini nitafika huko.

Uliniuliza kama nilijua. Mzee wa umri wangu husahau mengi. Kusahau ndiyo pensheni yetu sisi ambao hatukuajiriwa. Nilisahau mila moja tu. Kunyoa ndevu nilikumbuka. Koti nililikumbuka. Tangu alfajiri nilikuwa nimekaa kibarazani na fimbo mkononi, bahati tu. Clever alipofika akasema, "Mzee, naona kuna mtu unamsubiri." Nikamwambia, "Wewe. Umechelewa."

Lakini sikuwa na hakika, mwanangu. Pikipiki nyingine zilipita kabla yake, kwa kila moja nikainuka, hakuna iliyokata kona kuja kwangu. Mchana ulipofika nilishaanza kufungua vifungo vya koti.

Mengine uliyaona. Uliniona nikishuka pikipiki miguu imekakamaa kama ya bata aliyekaushwa. Uliniona nikivuta mrija, nikavuta na kuvuta, mpaka mzee mmoja akasema, "Ndugu yetu, unaonja au unahamisha?" Hukusikia tu Wiston aliponiinamia sikioni: "Adopt, eh?" Nikamjibu, "Na adapt pia, mheshimiwa. Ukitaka tofauti yake nenda darasa la tano Nyakahura." Akaandika kwenye kiganja chake.

Nataka nikuambie ambayo hukuyaona, maana ulikuwa jikoni na akina mama, na vigelegele vilikuwa vingi. Nilikuwa nimewekwa kwenye kigogo, yeye kwenye kiti. Hategekimana akaniuliza polepole, kwa Kirundi, "Alipokuwa mdogo, alikuwa akilia?"

Nikamwambia, "Kila mtu akikohoa."

Kisha akasema, "Hata mimi, mzee. Mpaka leo. Mtu akikohoa nyuma yangu, miguu inataka kukimbia kabla mimi sijaamua." Akauliza sisi tulifanyaje. Nikamweleza Restituta alivyokubeba mgongoni huku akisonga ugali, ukiwa mkubwa wa kutosha kujisongea mwenyewe. Akacheka, halafu akafuta uso kwa kofia yake. Akasema asante. Si zile za hotuba. Alisema mara moja tu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

Sasa kifua changu unakijua, na vumbi lote lile la barabarani. Kilinikereketa. Nikainuka, nikatoka nikakohoa nje, nyuma ya zizi, ng'ombe wake wakanitazama kama kichaa. Niliporudi, Hategekimana alikuwa amesogea pembeni ya kile kiti. Alipiga tu mkono pale palipobaki, kama unavyomwita mtoto.

Ndivyo tulivyopokea posa yako. Akina Nshoma walipokuja kutushika mikono hawakujua waanze na nani, wakatushika kwa pamoja. Nami nakushukuru wewe, maana umenipa ndugu wakati ambao watu wa rika langu hupewa sanda tu.

Lakini kiti kile kilichongwa kwa ajili ya baba mmoja, tena mwembamba. Hategekimana amenenepa kwa maziwa. Toka saa ile mpaka jua kuzama, kalio langu moja lilikuwa kwenye ubao na jingine lilikuwa hewani, na lile la hewani ndilo linaloniuma mpaka leo. Nimelivumilia kwa ajili yako bila kulalamika mbele ya wakwe, kwa hiyo unalo deni langu dogo, na nakuomba ulilipe kabla ya siku ya harusi: mwambie baba yako mdogo atafute benchi.

Ni mimi baba yako,
wa upande wa kushoto