Utani wa Fisi na Mkoba wa Mama Mkwe

Kosa tunalofanya wengi ni kuutazama mkoba wa mtu na kudhani tumeshamjua mwenyewe. Barua hii inaonyesha kosa hilo linaweza kufika wapi. Mwandishi nilimjibu kwa simu siku ileile iliponifikia. Sasa ameruhusu tuichapishe, majina yakiwa yamebadilishwa.

*

Shikamoo mshauri wetu. Nakuandikia nikiwa nyuma ya ghala la mahindi ili mama mkwe asinione, naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mke wa Makoye, tunaishi kijiji kimoja huku Kagongwa, mume wangu yuko Geita anachimba kwenye maduara ya dhahabu na huja nyumbani kila mwisho wa mwezi, mimi nabaki na watoto pamoja na mama yake, Bibi Nyamizi, ambaye ni mjane. Mama ana mkoba mweusi wa ngozi wenye kifungo kinachong'aa, kama wa wanawake wanaofanya kazi benki, alipewa na Khatija mwenye duka la vitambaa mjini Shinyanga, ambaye mama alimfulia nguo miaka mingi. Wazee wenzake hubeba vikapu au hufunga vitu vyao kwenye pindo la kanga, lakini yeye huenda na mkoba huo kisimani, shambani na kanisani, akilala anauweka chini ya mto, na mjukuu akiugusa anaambiwa, "Acha hicho."

Mwezi wa pili tulikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mwenzangu mmoja, Philomena, akaniuliza, "Hivi mama mkwe wako anabeba nini humo?" nami nikajibu, "Si ndimo anamofungia fisi wake," wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga mahindi, nami nikajiona hodari wa kuchekesha watu. Unajua huku kwetu anayesemwa kufuga fisi ni nani, ni mchawi, lakini mshauri ulikuwa utani tu.

Mwezi wa nne duara la jirani yetu Boaz likajaa maji, akarudi mikono mitupu, na wiki hiyohiyo mtoto wake mchanga akashikwa na homa akafariki, na matangani Philomena akanisogelea akaninong'oneza, "Fisi wenu ameshiba sasa?" Hakuwa anacheka. Tangu hapo mama akifika kisimani akiwaamkia "Mwangaluka" hakuna anayemwitikia, juzi akaniuliza, "Mwanangu, hawa nimewakosea nini, hata salamu?" nikamjibu labda bado wana majonzi.

Sasa Jumamosi walinzi wa sungusungu wameitisha mkutano, kila mtu ataandika kwenye karatasi jina la anayemshuku, na jina litakaloandikwa wote tunalijua, na mwaka juzi bibi mmoja wa kijiji cha pili aliandikwa hivyohivyo na hakumaliza wiki. Nimempigia Makoye, anasema, "Acha maneno ya mashineni, ngoja nije mwisho wa mwezi." Wifi yangu Martina yuko Kahama anauza chakula, yeye sijamwambia kwa aibu. Nikisimama kumtetea mama watasema ameshanirithisha, maana husemwa uchawi hutoka kwa mkwe kwenda kwa mkwe, na wanangu wataonekanaje?

Jumatatu mama alipokwenda kuoga niliufungua mkoba, nikakuta kadi za kliniki za watoto wake, zikiwemo za wawili waliofariki, kitambulisho cha kazi cha marehemu baba mkwe tangu alipokuwa mgodi wa almasi wa Mwadui, miwani iliyovunjika mkono, kipande cha sabuni, karatasi za shamba, picha ya harusi yetu, na chini kabisa fundo la kitambaa chekundu lililokazwa kwa uzi mweusi. Fundo sikulifungua. Mshauri, mkoba huu unasema nini kuhusu mama? Na je, ninyamaze?

Mke wa Makoye

*

Marahaba, binti yangu, na pole. Hofu yako ina sababu, sitakwambia unaota mchana.

Lakini lazima nikugombeze. Umefungua mkoba wa mzee bila ruhusa, ukaona vitu sita vya mwanamke aliyezaa, aliyefiwa na aliyefanya kazi, halafu unaniuliza kuhusu cha saba. Unataka nikupigie ramli ya fundo. Sijui kilichomo, na sitakisia, kwa sababu kukisia ndiko kulikotufikisha hapa.

Nimeishi ukanda huu wa migodi zaidi ya miaka sabini. Mnunuzi wa dhahabu mwenye akili nimemwona akipita sokoni na kikapu, juu mchicha, chini mali. Kijana aliyeuza gramu mbili nimemwona akimnunulia mchumba mkoba wa kutisha, na ndani yake mna kitana tu. Ukiwasoma hao kwa mikoba yao utawakosea wote wawili. Sasa mtazame mjane anayeishi kwa mwanawe. Hana kabati wala mlango wenye kufuli. Nyumba ni yako na ya Makoye, jiko ni lako, hata kuku ni wako. Mkoba ule ndicho chumba chake. Anautembeza kwa sababu akiuacha, watu huufungua anapooga.

Neno la fisi ni lako. Philomena amelibeba tu. Najua hukukusudia, lakini hata anayechoma majani shambani hakusudii kuunguza zizi la jirani, na moto ukishashika hakuna anayemuuliza alikusudia nini. Kazi yako sasa ni kumtoa mtu zizini.

Mkutanoni sikutumi. Mwanamke mmoja mbele ya watu wenye msiba na hasira hawezi kurudisha neno, na hofu yako ya kuandikwa pamoja naye si ya kijinga. Nenda na mama kituo cha polisi Kahama, uombe askari wa dawati la jinsia, umtajie siku ya mkutano, mahali na aliyeuitisha. Wao ndio wakauzuie. Makoye mwambie hivi: mwisho wa mwezi atakuta kaburi, kwa hiyo aje kesho. Usimwombe, mwambie.

Njiani mweleze mama ulichosema mashineni. Akilisikia kwako ataumia. Akilisikia kwa askari atajua hana mtoto hata nyumbani. Fundo usimuulize. Akitaka atakuonyesha.

Mama akishakuwa salama, na polisi wakishafika kijijini, rudi kwenye mashine ile ukiwa na katekista na mumeo, uwaambie wanawake walewale: "Fisi nilimtunga mimi." Hawatacheka safari hii. Useme hata hivyo, na usianze na Philomena. Anza na mke wa Boaz, aliyezika mtoto, umpe pole yake ambayo ninyi nyote mmeisahau.

Hayo ni ya baadaye. Leo, jua likiwa bado juu, panda gari la Kahama na mama na watoto hadi kwa Martina, na mkoba aubebe mwenyewe.