Karata ya Mwisho ya Baba Mdogo

Kasongo, Jumapili

Na kioo chenyewe kilichopasuka ni cha simu ya mama! Bado inaita, namshukuru Mungu, maana ni kwa simu hiyo anasubiri sauti ya kaka yangu anayefanya kazi Salamabila. Lakini kioo kingine nitakipata wapi hapa?

Hata hivyo mchezo wa karata niliouunda wa kuchezwa kwa simu umekubali. Nilifungua Wi-Fi ya simu yangu, nikaiweka katikati ya meza, na simu nyingine tatu zikaingia mchezoni bila kula mega hata moja ya intaneti. Karata zinazotupwa zinaonekana kwangu, za mkononi kila mtu anaona zake. Simu ya dada Mariamu ilijitoa mchezoni mara moja tu, nikaogopa. Ikarudi na karata zake zote. Sasa siogopi tena.

Aliyenichosha ni baba mdogo Amisi. Tangu asubuhi alinung'unika tu: "Karata ya telefone haina damu. Mutu anagusagusa kioo kama anapapasa yai."

Mwishowe aliazima simu ya mama, akaketi kwa shingo upande. Muda si muda kelele zake zilifika barabarani. Akabakiwa na karata moja, ile ya kushinda. Akasimama, akainua mkono, akaipiga simu mezani kwa nguvu zake zote.

Paa!

Nilitaka kumfokea, baba mdogo au si baba mdogo. Akatazama ufa, akatazama mkono wake.

"Mwanangu," akasema, "nilisahau kama iko telefone."