Mwandiko wa Agneta

Kondele, Kisumu
9 Mei 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima kwa uwezo wa Mungu, nauwaza tu mgongo wako na kikohozi cha mama. Mwambie asiache dawa.

Usishangae kuona mwandiko si wangu. Anayeandika ni Agneta, jirani yangu anayeuza omena sokoni, hao dagaa wetu. Mimi nasema, yeye anaandika. Miwani yangu ilipasuka kioo siku ya Pasaka, nikaipeleka duka la miwani mjini. Vioo vya namba yangu hutengenezwa Nairobi, kwa hiyo walichukua miwani na cheti changu cha macho pia. Wakasema nirudi Ijumaa. Kila Ijumaa narudi, na karani wao, Obiero, ananijibu yale yale: "Mwalimu, hiyo kitu iko Nairobi. Kuja Friday." Nami namshukuru, naondoka.

Macho yangu unayajua. Bila miwani uso wa mtu ni ukungu, kitabu ndiyo usiseme. Hawa Wakenya walinileta niwafundishe watoto wao Kiswahili, na sasa nafundisha kwa yale niliyo nayo kichwani. Insha ananisomea Agneta jioni, namwambia makosa, yeye anaweka alama nyekundu. Tunabishana sana kuhusu maksi. Yeye huwaonea huruma wote.

Agneta anasema niende pale dukani nikapige kelele. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Seline


Musoma
27 Mei 1987

Mwanangu Seline,

Marahaba. Mgongo unanikumbusha umri wangu, lakini natembea. Mama amepata nafuu na anakusalimu.

Kelele hapana. Mji huo nilikaa miaka mingi, nikikata tiketi za reli dirishani, nikijiona mwenyeji kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika nilipakiwa kwenye lori na nguo za mwilini tu. Majirani niliokula nao walisimama wakaniangalia, hakuna aliyefungua mdomo. Ukigombana na karani leo, kesho ataulizia kibali chako cha kazi. Wewe ni mgeni katika nchi ya watu. Salimia, shukuru, subiri. Ukilivunja neno langu hili, usiniandikie tena.

Mshukuru huyo Agneta kwa mwandiko wake. Mashauri yake abaki nayo.

Baba yako


Kondele, Kisumu
25 Julai 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imewatosha na mgongo umekupa likizo. Mimi sijambo.

Agneta alinisomea barua yako yote, hata pale ulipomtaja. Alicheka, kisha akaendelea kusonga ugali.

Dukani bado. Nilipoomba kuonana na mwenye duka, niliambiwa yuko safarini. Nilipoomba cheti changu nikajaribu kwingine, niliambiwa hakitolewi bila risiti, na risiti niliwaachia wao. Ijumaa iliyopita walinikalisha kwenye benchi tangu asubuhi. Waliokuja nyuma yangu walihudumiwa. Nawasikia tu wakifoka: "Nyinyi mnacheza na watu hapa!" na mara droo inafunguliwa. Mchana Obiero akasema anakwenda kula. Nikasema asante, nikapapasa ukuta mpaka mlangoni. Nimekutii, baba, lakini moyo unaniuma.

Kazini ni salama.

Mwanao,
Seline

Mzee, hapa ni mimi Agneta. Yeye hajui naandika. Kazini si salama. Mkuu wa shule aliona mwandiko kwa vitabu za wanafunzi si wa mwalimu, akakasirika sana, akamsimamisha. Shule ikifunga hii term, kazi imeisha, na kibali inaenda na kazi. Ameniambia niandike salama, basi nikaandika. Sasa anakaa tu kwa nyumba, anaogopa kugongwa na gari. Hata kurudi kwenu peke yake hawezi, basi ya Musoma atajuaje? Mzee, huyu msichana anaogopa wewe kuliko anaogopa kuwa kipofu. Mwambie agombane. Ni wewe tu anaskiza.


Musoma
12 Agosti 1987

Mwanangu Seline,

Marahaba. Huku tuko salama, ila usingizi sina.

Habari za kazi yako zimenifikia, usiulize kwa njia gani. Neno langu ni lile lile. Usigombane na mtu. Waachie hiyo miwani, funga mizigo urudi nyumbani. Tafuta mtu wa kukupandisha basi, nami nitakungoja mpakani hapo Sirari. Sina la kukupa hapa, na macho yako sijui tutayafanyaje, lakini utakuwa kwenu. Nilitolewa mji huo kama mwizi, Seline. Sitaki kusikia nawe umetolewa hivyo.

Baba yako


Kondele, Kisumu
29 Agosti 1987

Baba,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Nawaombea afya wewe na mama.

Barua yako ilipofika, Agneta aliifungua karibu na jiko akasoma: "Mwanangu, nenda ukagombane nao. Baraka zangu unazo." Nililia, baba. Nikamwambia arudie. Akarudia bila kukwama hata mahali pamoja. Nikaitia barua kwenye mkoba nilale nayo.

Jana nilikwenda dukani sikusalimu mtu. Obiero akaanza, "Mwalimu, kuja Fri..." Nikapiga kaunta kwa kiganja. "Leo ndiyo Ijumaa! Nipe macho yangu!" Nikasema na mengine ambayo mwalimu hasemi. Mwenye duka, yule wa safarini, akatoka chumba cha nyuma akimfokea Obiero kwa Kijaluo. Droo ikafunguliwa. Miwani ilikuwa humo, ndani ya bahasha yenye jina langu. Mwenye duka alisema ilirudi kutoka Nairobi mwezi wa Juni.

"Pole, Mwalimu," Obiero akasema. "Si ungesema una haraka? Wewe ulikuwa unasema tu asante."

Nilitoka nikasimama barazani, nikavaa miwani, nikatoa barua yako. Nilitaka neno la kwanza kulisoma liwe lile la baraka. Nikatafuta upande wa kwanza, nikageuza. Nikasoma yote, nikasoma tena, watu wakinipita na kunigonga mabega.

Nilimkuta Agneta anachambua omena. Alinitazama usoni mara moja akajua. "Utanipiga?" akauliza. Nikamwambia anisogezee ungo. Tulichambua mpaka zikaisha. Nilimkasirikia, sikufichi, kwa kukuwekea maneno mdomoni. Lakini nikikaa nikawaza, naona kuwa miwani yangu ilikaa kwenye droo tangu Juni, nami nilikaa kwenye benchi hatua tano kutoka hapo, nikimtii baba yangu. Hilo limeniuma kuliko uongo wa Agneta.

Najua lori lile lilikufanya nini. Nasikitika kwamba majirani zako walinyamaza. Jirani yangu mimi hakunyamaza.

Ulisema nikilivunja neno lako nisikuandikie tena. Nimelivunja, na naandika. Sitarudi kwa sasa. Jumatatu nakwenda kwa mkuu wa shule, na akiniambia nije siku nyingine nitakaa mlangoni kwake. Huenda nikaipata kazi, huenda wakanitoa nchini kama ulivyoogopa. Sikuombi ruhusa. Naomba tu unijibu.

Mwanao,
Seline