Nafasi ya Kidole Kando ya Fremu

Manika, Jumapili jioni

Wewe utakayeokota daftari hili, nakusihi usimsomee mtu hata neno moja. Mimi ni karani tu, na siku hizi jina la Kikasai, la sisi tunaofukuzwa turudi Kasai, linatosha kuleta mawe dirishani.

Leo Baba aliendelea kupanga mbao za sakafu, kana kwamba nusu ya mtaa haijahamia stesheni. Fremu mpya za milango alizikata chini kwa msumeno ili mbao ziingie chini yake. Habari ya kuondoka hakutaka kuisikia.

Jirani yetu, mzee tunayemwita Tata Ilunga, mwenzake Baba wa kazini tangu sijazaliwa, akaingia bila kubisha. Akainama, akapapasa ubao ulipokutana na fremu.

"Tata Mwamba, umebana sana. Acha nafasi kidogo. Mvua ikikuya, mbao itavimba, mulango hautafunguka."

"Ni nyumba yangu," Baba akasema.

"Mi najua. Lakini mi sipendi kuibomoa kisha. Bibi yangu alishapima rido za madirisha haya, siku mutaenda tunaingia."

Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayeagiza suruali kwa fundi. Niliogopa.

Baba aling'oa ubao ule, akaupunguza, akaacha nafasi ya kidole. Mikono yake haijui kufanya kazi vibaya, hata kwa mwizi. Kisha akachukua bisibisi, akaanza kufungua bawaba za mlango.

Ukitaka kunirudishia daftari, usitaje jina letu. Njoo stesheni, kwa wanaongoja treni ya Kasai, uulizie familia iliyobeba mlango.