Ngazi Yenye Matope

Tauno,

Supu ya samaki iko jikoni, ipashe. Mashine ya kufulia usiiguse, paneli za jua leo zimetoa umeme wa kuchemsha birika moja tu.

Asubuhi ngazi nimeikuta imejaa matope. Eti ulipanda paani kufagia theluji kwenye paneli. Theluji ipi, mzee? Desemba hii haijaanguka hata chembe ya kutuangazia kwa weupe wake, ndiyo maana tunapapasa kama vipofu mchana kweupe! Tena ulishuka unatabasamu. Unamchungulia nani huko juu?

~~Ngazi naifungia bandani.~~

Nimefuta. Ulipoenda dukani nimepanda mwenyewe. Jua, ambalo huku chini hatulioni, lilikuwa bado limeng'ang'ania ncha za misonobari, likanipiga usoni. Kumbe unalila peke yako, mchoyo we!

Kesho tunapanda wote. Kahawa utabeba wewe.

Mkeo,
Irja