Baiskeli Iliyopimwa kwa Kanzu

Kaka yangu Seif,

Ujumbe wako kutoka Maskati nimeupata. Unasema ukija Sikukuu hii utaondoka na baiskeli ya baba, na nikufungie mapema kwenye boksi. Nimeusikiliza mara tatu, kisha nikazima simu nikachukua kalamu. Haya nikikwambia kwa mdomo utanikatiza, kama kawaida yako.

Unaikumbuka karakana ya baba, kile chumba cha uchochoroni nyuma ya Darajani, kuingia mlangoni lazima uiname? Wewe ulikalishwa juu ya benchi, baba akikuonesha shaba inavyoyeyuka na kuingia kwenye maungio ya mabomba. Mimi nilishika fagio. Sikufundishwa, Kaka. Nilifagia huku natazama. Leo nina karakana yangu Mwanakwerekwe, na nimeshatengeneza fremu kumi na nne za chuma kwa mkono, kila moja kwa mwili wa mwenyewe. Hujawahi kuniuliza hata moja ina uzito gani.

Baba aliwatengenezea watu wengi. Sisi wanawe alitutengenezea moja tu, yako.

Ulikuwa mwaka wa pili huko, naye akaamua akuundie baiskeli ya mbio uikute ukirudi. Wa kupimwa hayupo, lakini hilo halikumshinda. Alifungua sanduku lako ulilotuachia, akatoa kanzu, akaitandaza kitandani, akavuta uzi wake wa kupimia kutoka bega hadi mwisho wa mkono, kutoka shingo hadi pindo, akipiga fundo kila anapofika. "Seif wangu nilimdhani mrefu zaidi," akajisemea, kisha akaufuata uzi.

Kanzu ile ilikuwa yangu.

Ni ya ile Idi uliyoimwagia kanzu yako kahawa asubuhi. Ulinivua kanzu yangu, mama akasema, "Mpe kaka yako, yeye ndo anaangaliwa na watu," nami nikaenda kusali na shati la skuli. Ukazunguka nayo mtaa mzima, imekuishia juu ya vifundo vya miguu, na jioni ukaitia sandukuni mwako. Alama ya pasi niliyoiunguza mwenyewe ilikuwa pale pale pindoni. Baba aliishika kwa vidole akifunga fundo la mwisho.

Nami nilikuwa mlangoni. Neno moja tu lingetosha, na sikulisema. Nilipiga hesabu haraka: wewe sentimita mia na sabini na nane, mimi mia na sitini na tisa. Nikaona fremu itakayotoka itakuwa ya nani. Nikamwacha baba apime mwili wangu huku anataja jina lako. Nilidhani utarudi, utaipanda, itakukataa, baba atacheka na kusema basi apewe mdogo. Kumbe yeye alitangulia mbele ya haki kabla hujarudi. Rangi ya baiskeli ilikuwa bado inanukia.

Ukarudi, ukaipanda mpaka Bububu, magoti yanakaribia kidevu. Watu wa barazani wakakuuliza umepanda baiskeli au umechuchumaa. Ukashuka ukikanda kiuno, na mbele yao wote ukasema, "Acheni nyie. Baba kanijua mpaka mifupa."

Tangu siku ile nimekaa na mfupa huo kooni.

Kila mwaka unakuja wiki mbili, unakipandisha kiti hadi sentimita sabini na sita, nguzo yake imebaki ndani ya bomba vidole viwili tu. Ukiondoka nakishusha hadi sitini na nane. Ndiyo, Kaka, naipanda. Ijumaa baada ya alfajiri nakwenda nayo Jambiani, kilomita hamsini na kitu, na nafika siumwi hata kidole. Kina mama wa mwani wameshanizoea. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, baiskeli yako imekukaa." Nikaitikia. Njiani nikainamisha macho, jina lako lipo kwenye bomba la juu, herufi nne za shaba.

Nnakuonea wivu, niseme nini. Si wivu wa chuma, chuma nnacho. Ni ile sauti aliyotajia jina lako, ameshika pindo nililoliunguza mimi. Kwa miaka tisa nimeogopa kukwambia, kwa sababu nikikwambia nakunyang'anya ile mifupa, na mimi siipati vilevile. Uzi ulikuwa kwangu, lakini moyo wake ulikuwa kwako. Hesabu hiyo nimeipiga kila namna na jibu halibadiliki.

Basi boksi sijalifunga na sitalifunga. Ukishuka, kabla ya chakula cha mama, pitia kwangu. Uvue viatu usimame ukutani, nikupime wewe mwenyewe kwa uzi wa baba. Nitakutengenezea fremu ya kumi na tano, na kwa mara ya kwanza utapanda baiskeli bila ya kukanda kiuno. Ukitaka kunitukana, nitukane huku umesimama wima, nisikosee kipimo.

Zile herufi za jina lako nitazibandua kwenye ya baba, nizihamishie kwenye yako mpya. Hizo alikupa wewe kweli, sizitaki. Yatabaki makovu manne kwenye bomba, na sitayapaka rangi. Ndivyo nitakavyoipanda.

Mdogo wako,
wa sentimita mia na sitini na tisa